Je, ni kweli robo tatu ya watu hufuata kundi hata likikosea?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisimulia hivi, tena kwa kujiamini: kuna mwanasaikolojia wa Marekani aliwaonyesha watu mistari, akawapanga wenzao waseme uongo, na robo tatu ya watu wakayakana macho yao wenyewe. Nimeisimulia kazini, nimeisimulia kwenye daladala, nimeisimulia hata msibani tukisubiri chakula, na hilo la mwisho sijivunii. Hakuna aliyenipinga. Siku nilipokaa nikasoma maelezo ya jaribio lenyewe, nikakuta nilikuwa nalisimulia miguu juu kichwa chini.

Mwenye jaribio ni Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyehamia New York angali mdogo. Alilifanya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wanafunzi wa chuo saba hadi tisa wanaketi chumbani, wanaambiwa kwamba linapimwa jicho. Wanaonyeshwa kadi mbili, moja ina mstari mmoja, ya pili ina mitatu. Kila mtu ataje kwa sauti, kwa zamu, ni upi kati ya ile mitatu unaolingana na ule mmoja. Ni kazi rahisi mno. Mtu akijibu peke yake hakosei hata mara 1 katika 100.

Lakini chumbani mgeni ni mmoja tu. Waliobaki wote ni wenyeji, wamepangwa tangu jana, na mgeni ameketishwa wa pili kutoka mwisho. Raundi ya kwanza wote wanapatia. Ya pili pia. Ya tatu, mwenyeji wa kwanza anataja mstari usio wenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Wa pili anataja uleule. Wa tatu uleule. Mgeni anainama mbele, anaitazama kadi upya, anakunja uso. Zamu yake inafika. Kati ya raundi 18, wenyeji walidanganya katika 12.

Sasa ile robo tatu yangu. Ni kweli kwamba karibu robo tatu ya wageni walifuata kundi angalau mara moja katika raundi hizo 12. Maneno matatu niliyoyameza kwa miaka yote ni hayo: "angalau mara moja". Mtu akikosa Ijumaa moja kati ya kumi na mbili, hatumwiti mtu asiyeswali. Ukihesabu majibu badala ya watu, kati ya wageni 123, asilimia 36.8 ya majibu ndiyo yaliyofuata kundi. Yaani zaidi ya asilimia 63 ya majibu yalikuwa sahihi, yakitamkwa kwa sauti, mbele ya chumba kizima kilichosema vingine. Robo ya wageni hawakuyumba hata mara moja. Waliofuata kila mara walikuwa wachache mno. Kwa hiyo jaribio linaloheshimika kwa kuonyesha udhaifu wetu, kwa hesabu zake lenyewe, limeonyesha zaidi ukaidi.

Kosa hili sikulizua mimi, na ninakiri limenifariji kulijua hilo. Mwaka 1990 watafiti Ronald Friend, Yvonne Rafferty na Dana Bramel walipekua vitabu 99 vya kiada vya saikolojia ya jamii, wakakuta vingi vinalieleza jaribio la Asch kama ushahidi wa watu kufuata mkumbo, huku waliokataa wakipewa nafasi finyu. Na kadiri miaka ilivyosonga ndivyo hali ilivyozidi kuwa hivyo. Yaani waandishi wa vitabu kuhusu kufuata mkumbo walifuata mkumbo.

Kosa langu la pili lilikuwa kuhusu wingi. Nilidhani kundi linasukuma kama watu wanaosukuma gari lililozimika: wakiongezeka wawili, gari linakwenda zaidi. Asch alilipima hilo. Mgeni akikabiliana na mwenyeji mmoja, karibu hatikisiki: makosa asilimia 3.6. Wakiwa wawili, 13.6. Watatu, 31.8. Baada ya hapo, kuongeza watu hakukuongeza chochote cha maana, hata walipofika 15.

Basi gari si mfano mzuri. Mfano mzuri ni ndoo. Ndoo ya lita 10 na ya lita 20 zote hushika maji mradi hazina tundu. Toboa tundu moja chini, na ukubwa wa ndoo hauna msaada tena. Asch akatoboa: akampanga mwenyeji mmoja aseme ukweli, wengine waendelee kudanganya. Mara ambazo mgeni alifuata kundi zikashuka hadi robo ya zile za awali.

Kwa nini mtu mmoja awe na uzito huo? Chukua kikao cha kamati ya harusi. Mwenyekiti anasoma bajeti, anafika kwenye mapambo: milioni nne. Kimya. Kila mjumbe anatazama simu yake na kuwaza kwamba huenda ndiyo bei za siku hizi, ni yeye tu aliyepitwa na wakati, na akiuliza ataonekana bahili. Kila mmoja anausoma ukimya wa mwenzake kama ridhaa, wakati mwenzake anausoma wa kwake vivyo hivyo. Kisha shangazi mmoja anauliza, "Hayo mapambo ya milioni nne, baada ya sherehe tunabaki nayo?" Watu wanacheka, na ghafla wajumbe sita wana la kusema. Shangazi hajui bei ya mapambo. Hakuleta hoja yoyote. Alichofanya ni kuonyesha kwamba mtu anaweza kusema tofauti na dari isidondoke.

Na hapa ndipo penye kioja chenyewe. Asch alimweka pia mwenyeji mpinzani ambaye naye alikosea, tena vibaya kuliko kundi. Makosa ya wageni yalishuka hadi asilimia 9. Nimeirudia sehemu hiyo mara tatu nikihakikisha sijaisoma vibaya. Yaani hata shangazi angedai milioni nne ni kidogo, yafanywe sita, bado kimya kingevunjika.

Tundu linaweza kuzibwa, lakini inategemea namna. Katika jaribio jingine, mpinzani alisema ukweli raundi sita za mwanzo, kisha akahamia kwa wengi. Makosa ya mgeni yakapanda mara moja hadi asilimia 28.5. Lakini pale mpinzani alipoondoka chumbani kwa kisingizio kwamba ana miadi na mkuu wa kitivo, mgeni hakuporomoka kiasi hicho. Mwenzake alikuwa ameondoka tu, hajamgeuka.

Nisizidishe chumvi. Wageni wote walikuwa vijana wa kiume, wanafunzi, Marekani, na mistari haina bosi. Penye bosi, tundu huenda lisitoshe: mwaka 1961 Seneta Fulbright alimpinga Rais Kennedy wa Marekani kikaoni waziwazi kuhusu mpango wa kuivamia Kuba, ilhali mshauri Arthur Schlesinger, aliyekuwa ameupinga kwa maandishi, alinyamaza vikaoni. Tundu lilikuwepo, na mpango ukaendelea. Wakimbizi wa Kuba wapatao 1,400 walitua Ghuba ya Nguruwe na kushindwa ndani ya siku tatu. Mwanasaikolojia Irving Janis alijengea kisa hicho nadharia yake maarufu ya fikra za kundi, yaani kundi kuthamini umoja kuliko kupima hoja, mwaka 1972, ingawa wapo waliosoma nyaraka za baadaye wakaona sababu nyingine, zikiwemo hesabu za kisiasa za Kennedy mwenyewe. Na mwaka 1996 watafiti Rod Bond na Peter Smith walikusanya majaribio 133 ya aina ya Asch kutoka nchi 17: huko Marekani, kufuata kundi kulikuwa kumepungua tangu miaka ya 1950, na kulikuwa juu zaidi katika jamii zinazothamini ujumuiya. Mimi ningesita kuuita huo woga. Kutomsahihisha mtu mbele za watu, kwetu, mara nyingi ni adabu tu.

Baada ya jaribio, Asch aliketi na wageni kuwahoji. Baadhi ya waliofuata kundi walisema walikuwa wamehisi wenzao wanamfuata tu msemaji wa kwanza kama kondoo, na bado, zamu ilipofika, wakataja mstari uleule. Alipowauliza ni mara ngapi walifuata, wote walitaja idadi ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi yake.