Je, wajua? Yanga ilifika fainali ya Afrika kwa sababu ilifungwa Omdurman

Oktoba 16, 2022, Yanga ilichapwa bao 1-0 na Al Hilal kule Omdurman, Sudan. Wiki moja kabla zilikuwa zimetoka sare ya 1-1 kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, kwa hiyo Wananchi, kama Yanga inavyoitwa, wakawa wametolewa Ligi ya Mabingwa Afrika kabla hata ya makundi. Nabi, kocha wao, alirudi Dar es Salaam na presha kubwa, na siku saba tu mbele kulikuwa na dabi ya Simba. Ikaisha 1-1.

Mei 28, 2023, timu ileile ilikuwa kwa Mkapa tena, ikicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Timu iliyokwisha kutolewa ilirudi kwa mlango gani?

Msimu ule CAF, chombo kinachosimamia soka la Afrika, ilikuwa na utaratibu wa kuwaangusha walioshindwa, si kuwafukuza. Timu 16 zilizotolewa raundi ya pili ya Ligi ya Mabingwa ziliangukia Kombe la Shirikisho, zikakutanishwa na timu 16 zilizovuka raundi ya pili ya huko. Aliyeshinda mchujo huo, nyumbani na ugenini, aliingia makundi. Ndiyo maana watani walikuwa wakiliita kombe la luza, yaani la walioshindwa. Mimi jina hilo sijawahi kulikubali, kwa sababu huo mchujo ulikuwa mgumu kuliko watu wanavyoukumbuka. Yanga ilipangiwa Club Africain ya Tunisia, waliokuwa wametoka kuwatoa Kipanga ya Zanzibar. Dar ikaisha 0-0, na wengi wakaona kazi imekwisha, maana nani anakwenda Tunis kushinda? Novemba 9 Stephane Aziz Ki akafunga bao moja, likatosha.

Kwa hiyo kama Yanga ingeitoa Al Hilal kule Omdurman, ingekuwa kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa, si kwenye njia iliyoifikisha fainali. Kundi lake la Shirikisho lilikuwa na US Monastir, TP Mazembe na Real Bamako. Ilianza kwa kufungwa 2-0 Tunisia, kisha haikufungwa tena kwenye kundi, ikaipiga Mazembe nje ndani na kumaliza kileleni. Robo fainali iliitoa Rivers United ya Nigeria, nusu fainali Marumo Gallants ya Afrika Kusini.

Sasa hapa ndipo swali la pili linapokuja, na ndilo linalonigusa zaidi: timu inawezaje kubeba yote hayo kwa miguu ileile? Maana Kombe la Shirikisho halikusimamisha Ligi Kuu ya NBC wala Kombe la Azam Sports. Tazama Mei peke yake. Tarehe 10, Marumo kwa Mkapa, 2-0. Tarehe 13, Dodoma Jiji pale Chamazi, 4-2, na ubingwa wa ligi ukathibitika hapo. Tarehe 17, Rustenburg, Afrika Kusini, 2-1. Tarehe 21, Singida, nusu fainali ya kombe la ndani, bao 1-0 la Fiston Mayele. Tarehe 28, fainali ya Afrika. Mechi tano ndani ya siku 19, na safari ya kuvuka mipaka katikati.

Bodi ya Ligi husaidia timu zilizo kimataifa kwa kuahirisha baadhi ya mechi zao, lakini kiporo hakiliwi na mtu mwingine, lazima ukirudie mwenyewe. Kinachookoa ni kikosi kipana. Nabi alikuwa na uwezo wa kumpumzisha mtu leo na bado akapata bao kwa Mudathir Yahya, Kennedy Musonda au Farid Mussa kesho. Hata hivyo ilimgharimu: Novemba 29, wiki tatu tu baada ya Tunis, Ihefu iliifunga 2-1 kule Mbarali na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa.

Turudi kwenye fainali, kwa sababu wapo wanaouliza mpaka leo: Yanga ilifungwa 2-1 Dar na USM Alger, ikaenda Algiers Juni 3 ikashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla 2-2. Kwa nini kombe lilibaki Algeria, tena bila matuta?

Ni bao la ugenini. Jumla zikilingana, CAF huangalia nani amefunga mengi nje ya kwao. USM Alger ilifunga mawili Dar, Yanga moja Algiers. Ulaya, UEFA iliifuta kanuni hiyo mwaka 2021, na pengine ndiyo maana mashabiki waliozoea kutazama Ulaya walisubiri dakika za nyongeza. Ukiirudia mechi ya Dar utaona mahali kombe lilipoponyoka. Mayele alisawazisha dakika ya 82, uwanja mzima ukalipuka. Dakika ya 84 Islam Merili akafunga la pili la Waarabu. Matokeo yangebaki 1-1 kwa dakika hizo chache zilizosalia, ushindi wa Algiers ungekuwa ubingwa.

Wachezaji hawakupata hata muda wa kuomboleza. Walitoka Algiers wakapanda Mbeya kumaliza mechi za ligi, wakafikisha pointi 78, halafu Juni 12 wakawa Mkwakwani, Tanga, ambako bao la Musonda liliizima Azam FC kwenye fainali ya kombe la ndani. Pamoja na Ngao ya Jamii waliyoichukua kwa Simba Agosti, kwa mabao mawili ya Mayele, yakawa mataji matatu, na medali ya fedha ya Afrika juu yake.

Na ule mlango wa kuangukia? CAF iliufunga msimu uliofuata. Ukitolewa raundi ya pili ya Ligi ya Mabingwa siku hizi, unarudi nyumbani kucheza ligi.