Tathmini ya kisaikolojia kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito

Ni mazungumzo ya mgonjwa na mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili kabla tumbo halijapunguzwa. Wengi hudhani wanapimwa wazimu. Kinachotafutwa hasa ni sababu ya kula: upasuaji unaofanywa zaidi huondoa takribani asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, lakini huzuni na upweke vilivyokuwa vikitulizwa kwa sahani ya pili hauvigusi.

Mgonjwa huulizwa kama hula kwa pupa asiweze kujizuia, kama ana sonona, kama amewahi kutaka kujiua, anakunywa pombe kiasi gani, na nyumbani nani atampikia uji mwepesi wiki za mwanzo. Kukutwa na sonona hakumnyimi mtu upasuaji, hutibiwa kwanza. Ulevi unaoendelea au mawazo ya kujiua ndiyo huahirisha.

Dawa zitajwe zote. Baada ya upasuaji, lithiamu (dawa ya ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka) inaweza kupanda kwenye damu hadi kudhuru, na vidonge vinavyoachia dawa polepole huenda visifyonzwe ipasavyo. Pombe nayo hupanda kichwani haraka, hasa kwa aliyepasuliwa kwa njia nyingine, ya kuunganisha utumbo na kifuko kidogo cha tumbo, na hatari ya kuizoea huonekana zaidi kuanzia mwaka wa pili. Huo ndio wakati furaha ya kupungua imepoa, ngozi inaning'inia, na sonona huweza kurudi.

Kwa Mwanza kuna la ziada. Unene bado huhesabiwa neema, na anayekonda ghafla, akipita Mwaloni kununua sato, nyuma yake watanong'ona ana ngoma, yaani UKIMWI. Ni vizuri aamue mapema atawajibu nini.

Kwa aliyepasuliwa, moyo kwenda mbio, jasho na kizunguzungu ndani ya nusu saa baada ya soda au juisi ya miwa mara nyingi si hofu wala presha: ni sukari iliyoingia kwenye utumbo kwa kasi.

Linalokosewa vibaya zaidi ni hili. Mtu ametapika siku kadhaa, sasa anayumba, anaona vitu viwiliviwili, anachanganyikiwa. Ndugu wanasema karogwa. Huenda vitamini B1 imeisha mwilini. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama alipasuliwa Dar es Salaam au India, na wahudumu waambiwe kuhusu upasuaji huo kabla ya dripu ya glukosi, kwa kuwa glukosi bila B1 inaweza kumzidishia.