Gondolin haukuangushwa na Maeglin peke yake: dhana potofu kuhusu mji wa Maelfi uliofichwa

Ukitajwa Gondolin, mji wa Maelfi (Elves, watu wasiozeeka) katika ulimwengu wa kubuni wa J.R.R. Tolkien, wengi humaliza habari yake kwa pumzi moja: mji mzuri ulijificha milimani, mtu wa ndani akausaliti, ukateketezwa. Hayo yamo kweli. Lakini yaliyoachwa nje ndiyo yanayoupa mji huu uzito, na baadhi ya mengine yanayosemwa juu yake hayana msingi wowote.

"Maelfi ni watu wa msituni, basi Gondolin ulikuwa mji wa mitini"

Picha hii imeazimwa kutoka Lothlórien, ambako kweli Maelfi wanaishi juu ya majukwaa yaliyojengwa mitini. Gondolin ni kitu kingine kabisa. Ni mji wa mawe meupe, minara na chemchemi, uliojengwa juu ya kilima cha Amon Gwareth katikati ya bonde tambarare la Tumladen, huku milima ikiwa imelizingira bonde hilo pande zote. Mfalme Turgon aliujenga kwa kufuata mfano wa Tirion, mji aliouacha ng'ambo ya bahari huko Valinor. Kazi ilidumu miaka 52, na muda wote huo ilikuwa siri.

Watu wake walikuwa mafundi: waashi, wahunzi, wachimba madini. Wengi hudhani wote walikuwa Noldor, ukoo wa Turgon mwenyewe. Sivyo. Turgon alipohama Nevrast, nchi ya pwani alikoishi awali, kwenda bondeni aliandamana na theluthi moja ya Noldor wa baba yake, Fingolfin, pamoja na kundi kubwa zaidi la Sindar, Maelfi ambao hawakuwahi kuvuka bahari.

Na miti? Miwili iliyosifika kuliko yote pale mjini haikuwa na mizizi. Glingal ulikuwa wa dhahabu, Belthil wa fedha, na Turgon aliitengeneza kwa ufundi wake mwenyewe iwe mfano wa Miti Miwili iliyowahi kuiangazia Valinor. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kinachomfichua Turgon kuliko hotuba yoyote. Mfalme anakaa uani kwake akitazama nakala ya nuru iliyokwisha kuzimwa, ndani ya nakala ya mji ambao hawezi kuurudia. Mtu aliyejenga hivyo hatakuwa mwepesi wa kuondoka siku akiambiwa aondoke.

"Ni uleule mji wa Elrond", au "ndio Minas Tirith"

Hapa tusikae sana. Rivendell ya Elrond, bwana wa Maelfi katika *The Lord of the Rings*, si mji, ni nyumba na kimbilio bondeni, na ilianzishwa mwaka 1697 wa Enzi ya Pili, karne nyingi baada ya Gondolin kuwa majivu. Minas Tirith ni mji wa Wanadamu. Kinachochanganya watu ni namba saba: Minas Tirith una ngazi saba zenye kuta, na Gondolin una malango saba. Ila malango ya Gondolin hayakuwa mjini. Yalipangwa moja baada ya jingine ndani ya korongo la Orfalch Echor, na mgeni alilazimika kuyapita yote kabla hata hajaliona bonde: la mbao, la jiwe, la shaba nyeusi, la chuma kilichosokotwa, la fedha, la dhahabu, na la mwisho la chuma cha pua. Hilo la mwisho likumbuke, tutalirudia.

Wengine huuliza kama mashujaa wa vita vya Pete wangeweza kwenda kuona magofu yake. Wasingeweza. Nchi ya Beleriand, ambamo Gondolin ulikuwa, ilizama baharini mwishoni mwa Enzi ya Kwanza.

"Hakuna aliyeingia wala kutoka"

Sheria ilikuwepo, na ilikuwa kali: aliyeijua njia hakuruhusiwa kuondoka. Lakini ukiifuatilia hadithi utaona sheria hiyo ikipindishwa mara kwa mara, na kila ilipopindishwa kulitokea jambo.

Wa kwanza alikuwa Aredhel, dada wa mfalme. Alichoka kuishi ndani ya ulinzi, akaomba ruhusa mpaka Turgon akampa shingo upande. Huko nje akaolewa na Eöl, Elfi wa gizani, akamzaa Maeglin, kisha akatoroka na mwanawe kurudi Gondolin. Eöl akawafuata nyuma. Alipoambiwa achague kati ya kukaa mjini na kufa, alichagua kufa, yeye na mwanawe, akamrushia Maeglin mkuki mfupi wenye sumu. Aredhel akaruka mbele yake na kuupokea yeye. Eöl akatupwa kutoka juu ya genge la Caragdûr, na kabla ya kuanguka alimtabiria mwanawe kifo cha namna ileile.

Kisha kuna ndugu wawili wa Kibinadamu, Húrin na Huor, waliobebwa na tai hadi Gondolin mwaka 458 wa Enzi ya Kwanza wakiwa vijana. Walikaa karibu mwaka mzima na wakaruhusiwa kuondoka, kwa kuwa waliletwa na tai na kwa hiyo hawakuijua njia. Na mwaka 472 mji wenyewe ulifungua milango: Turgon alitoka na jeshi la askari 10,000 kwenda kwenye vita vya Nirnaeth Arnoediad dhidi ya Morgoth, adui mkuu wa Maelfi. Anayesema Gondolin ulijificha huku wengine wakifa, hajafika kwenye sura hiyo. Turgon aliponea chupuchupu, na aliponea kwa sababu Húrin na Huor walibaki nyuma na watu wao kuzuia adui. Huor akauawa, Húrin akakamatwa.

"Maeglin aliusaliti mji, na hiyo ndiyo sababu ulianguka"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Wasomaji wengi wakifika hapa husema kikulacho ki nguoni mwako, wakafunga kitabu.

Tuanze na Maeglin mwenyewe. Hakuwa mwoga wala mvivu. Nirnaeth ilipokuja alikataa kuachwa nyuma kulinda mji, akaenda vitani pamoja na mjomba wake na kupigana kwa ushujaa. Yeye ndiye aliyewafundisha watu kuchimba madini milimani na kufua silaha bora. Na lile lango la saba, la chuma cha pua, ni kazi ya mikono yake: alilitengeneza baada ya kurudi kutoka Nirnaeth. Mtu aliyekuja kuuza mji ndiye aliyeufulia komeo lake la mwisho. Ubaya wake ulikuwa mahali pengine: alimpenda Idril, binti wa Turgon, ambaye alikuwa binamu yake wa damu, na Maelfi hawakuoana kwa ukaribu huo. Idril naye hakumtaka. Uchungu huo aliuficha miaka mingi.

Alikamatwa na Maorki, askari wa Morgoth, alipovuka mpaka wa milima akitafuta madini, kinyume cha amri ya mfalme. Akapelekwa kwa Morgoth, akatishiwa mateso, akaahidiwa Idril pamoja na utawala wa mji, akasema yote. Hatia yake ni nzito na sina nia ya kuipunguza. Alirudi mjini, akakaa kimya akitabasamu na watu, akijua kinachokuja.

Ila Morgoth hakuanza kuutafuta mji siku ile. Alikwisha pata fununu kutoka kwa mtu asiyekuwa na nia mbaya hata chembe: Húrin, yuleyule aliyemwokoa Turgon. Baada ya kifungo cha miaka 28 aliachiliwa, akaenda mpaka chini ya ile milima, akatafuta njia ya kuingia na hakuipata, akasimama akimlilia Turgon kwa sauti. Wapelelezi wa Morgoth walikuwa wakimfuata. Kwa kilio kile adui akajua sehemu ya kutafuta.

Na nyuma ya Húrin na Maeglin kuna jambo la mwanzo kabisa, ambalo husahauliwa kwa sababu linatokea kabla hata watu hawajahamia mjini. Ulmo, bwana wa maji yote, ndiye aliyemwonyesha Turgon bonde la Tumladen. Turgon alipokuwa karibu kuhama Nevrast, Ulmo alimwonya asiipende kupita kiasi kazi ya mikono yake, kwa maana tumaini la kweli la Noldor lingetoka baharini. Akamwagiza aache silaha na deraya huko Vinyamar, makao yake ya Nevrast, ili siku ya hatari atakapokuja mjumbe amevaa vitu hivyo, Turgon amtambue.

Mjumbe akaja kweli. Mwaka 495 Tuor, mwana wa Huor, alisimama mbele ya mfalme akiwa amevaa deraya ileile, akafikisha ujumbe: mji hautadumu, uacheni, mfuate mto Sirion mpaka baharini. Hapakuwa na fumbo ndani yake. Alama zote zilitimia sawasawa na Turgon alivyoambiwa. Naye akakataa. Alikwisha kuupenda mji kuliko onyo. Thorondor, mfalme wa tai, akamletea habari za kuanguka kwa Nargothrond na baadaye za maangamizi ya Doriath, falme nyingine za Maelfi. Turgon akaziba masikio, akaamuru mlango wa siri uzibwe, na tangu hapo hakuna aliyetoka tena, kwa amani wala kwa vita.

Hesabu ni rahisi. Kati ya ujumbe wa Tuor na kuanguka kwa mji mwaka 510 kulikuwa na miaka 15. Miaka yote hiyo njia ya baharini ilikuwa ni ya kuamua tu. Kama tunataka methali ya Gondolin, basi ni asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maeglin aliamua mji uanguke lini na kwa njia gani. Kwamba watu walikutwa bado wamo ndani, hilo aliliamua Turgon.

Idril alielewa mapema. Mumewe, Tuor, alikuwa amekataliwa ushauri wake barazani, lakini yeye hakungoja baraza. Alichimbisha njia ya siri chini ya ardhi, kutoka mjini hadi mbali nje ya kuta, upande wa kaskazini. Walioijua walikuwa wachache, na alihakikisha Maeglin hamo. Kila anayeeleza kuanguka kwa Gondolin bila kulitaja handaki la Idril ameacha nje uamuzi wa busara kuliko wote uliofanyika mjini humo.

"Maelfi hawafi, na wote wa Gondolin waliangamia"

Mara nyingine dhana hizi mbili hutoka kinywani mwa mtu yuleyule. Elfi hafi kwa uzee wala kwa ugonjwa, lakini upanga na moto humwua. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Milango ya Kiangazi watu walikuwa juu ya kuta wakingoja jua lichomoze, na mwanga mwekundu ukaonekana upande wa kaskazini badala ya mashariki. Yalikuwa majeshi ya Morgoth: Balrog (mashetani wa moto), majoka, Maorki na mbwamwitu. Ecthelion, mmoja wa majemadari wa mji, alimuua Gothmog, bwana wa Balrog, na wote wawili wakafa. Turgon alikufa mnara wake ulipobomoka. Maeglin alijaribu kumteka Idril na mwanawe, Tuor akapambana naye ukutani na kumtupa chini, kama Eöl alivyotabiri.

Walionusurika walipita kwenye handaki. Katika njia nyembamba ya Cirith Thoronath walivamiwa, na Glorfindel, jemadari mwingine wa mji, akapigana na Balrog juu ya mwamba hadi wote wawili wakaporomoka genge. Baadaye sana roho yake ilirudishwa katika mwili. Katika maandishi yake ya mwisho Tolkien alieleza kwamba ndiye Glorfindel anayeonekana Rivendell. Waliobaki walifika midomo ya Sirion, na kati yao alikuwamo mtoto wa miaka saba, Eärendil, mwana wa Tuor na Idril, ambaye ndiye baba yake Elrond.

"Gondolin ni nyongeza iliyobuniwa baadaye"

Ni kinyume chake. Kisa hiki ni miongoni mwa vya mwanzo kabisa vya ulimwengu huo. Tolkien alianza kukiandika mwishoni mwa 1916, akiwa amerudishwa Uingereza kutoka vita vya Somme kwa homa ya mahandaki. *The Hobbit* ya 1937 tayari inautaja: panga Glamdring na Orcrist zinazopatikana kwenye pango la mazimwi zilifuliwa Gondolin.

Katika toleo la kwanza la kisa cha Gondolin mna majoka ya chuma yaliyobeba Maorki tumboni, na wengi huyaona kuwa kumbukumbu ya vifaru, vilivyoingia vitani mara ya kwanza Somme, Septemba 1916. Tatizo ni kwamba watu huyachanganya hayo na matoleo ya baadaye kana kwamba yote ni kitabu kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tolkien alianza kuiandika upya hadithi ya Tuor kwa urefu na ufundi mkubwa, akaiacha pale Tuor anapovuka lango la saba na kuuona mji kwa mara ya kwanza. Hakuuingia. Kwa hiyo maelezo ya kirefu ya vita mtaa kwa mtaa yanapatikana katika toleo la zamani tu. Toleo hilo lilichapishwa mwaka 1984, na mwaka 2018 mwanawe, Christopher, akaliweka pamoja na matoleo mengine katika kitabu kimoja, *The Fall of Gondolin*, kila moja mahali pake, na humo ndimo pa kuanzia kwa anayetaka kuona kipi kiliandikwa lini.