Kiti cha magurudumu hakimzuii mtu kuingia mbugani
Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Arusha na Moshi ujumbe huu haufi: anayetumia kiti cha magurudumu haruhusiwi mbugani. Si kweli. Tarangire au Ngorongoro, hata mwenye miguu mizima humtazama tembo akiwa ndani ya gari. Kushuka ni sehemu zilizotengwa tu. Na Kilimanjaro, mita 5,895, wapo waliofika kileleni na viti vyao.

Kinachochanganya ni vikwazo vya kweli: gari la utalii liko juu, baadhi ya vyoo vina ngazi. Dereva mmoja akikataa abiria, basi inageuka "sheria". Tafadhali msiusambaze ujumbe huo. Ulizeni getini, kisha kampuni: gari lina rampu? Mlango wa choo una upana gani?