Ndoa ya dini isiyosajiliwa si batili

Watu wengi Tanzania wanaamini kwamba ndoa iliyofungwa msikitini au kanisani bila kusajiliwa serikalini haitambuliki na sheria. Si kweli, na imani hii imewaumiza wanawake wengi, hasa wajane wanaoambiwa na ndugu wa marehemu, "Wewe hukuwa mke."

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi: ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu tu haikusajiliwa. Masharti hayo ni kama ridhaa ya wote wawili na mashahidi wasiopungua wawili.

Basi usajili wa nini? Ni ushahidi. Penye mirathi, talaka au mafao, shahada ya ndoa humaliza ubishi mapema. Asiyekuwa nayo hulazimika kuita mashahidi mahakamani, na wengine wameshafariki au wamegeuka. Mchungaji, padri au shehe mwenye leseni ya kufungisha ndoa anapaswa kuisajili na kupeleka taarifa kwa Msajili. Kabla ya harusi, muulizeni kama leseni anayo. Kama ndoa yenu haikusajiliwa, nendeni RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) au ofisi ya Mkuu wa Wilaya mkaulize utaratibu, wakati mashahidi wenu wangali hai.