Kuwa peke yako sokoni sio kosa

Jamani hili neno ukiritimba tumelichosha. Sukari ikipanda bei Kikuubo hapa Kampala, ukiritimba. Taksi zikiongeza nauli mvua ikinyesha, ukiritimba. Ukiritimba ni muuzaji mmoja kushika soko na mnunuzi hana pa kukimbilia, basi. Hao wa taksi ni wengi, kama wamekaa wakapatana nauli hiyo ni kateli, kesi nyingine kabisa.

Ila kinachoniudhi zaidi ni watu kudhani ukishakuwa mkubwa tayari umevunja sheria. Hapana. Marekani wana sheria ya ushindani ya Sherman tangu 1890 na swali lao ni umefikaje hapo juu na unafanya nini wengine wasiingie. Mwaka 2004 kwenye kesi ya Trinko Mahakama ya Juu yao ilisema hata kutoza bei ya juu kwa sababu uko peke yako, hilo tu sio kosa (Ulaya hapo wanatofautiana nao, kule bei ya kukamua wateja inaweza kukupeleka kortini). Google nao, Agosti 2024 jaji Amit Mehta aliamua kwamba wamevunja sheria hiyo, na sio kwa kuwa kila mtu anatafutia huko, ni ile mikataba, mwaka 2021 pekee walilipa zaidi ya dola bilioni 26 ili ukinunua simu au ukifungua brauza ukutane na wao kwanza, sasa mpinzani atapitia wapi?

Halafu kuna ukiritimba unaotolewa na serikali yenyewe. Hapa Uganda kampuni ya Umeme walisambaza umeme kwa mkataba wa miaka 20 hadi Machi 2025, UEDCL, kampuni ya serikali, wakachukua. Bili tulizilalamikia sana, sawa, lakini nafasi yenyewe walipewa.

Na sheria yetu ya ushindani ya 2023, ambayo iko chini ya wizara ya biashara, haijakataza mtu kukua, inamfuata anayetumia vibaya nguvu zake. Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka supamaketi ishtakiwe kwa sababu maduka ya jirani yamefunga, uliza kwanza yamefunga kwa nini. Kama ilikuwa inauza kwa hasara makusudi mpaka wenzake waishiwe, hapo tuongee, ingawa Marekani tangu kesi ya Brooke Group ya 1993 lazima uonyeshe pia kwamba hiyo hasara angeweza kuifidia baadaye kwa bei ya juu, kipimo ambacho msomi wa sheria Lina Khan aliandika 2017 kwamba kwa kampuni kama Amazon hakifui dafu.