Nilizaliwa na tundu kwenye moyo: naweza kubeba mimba?

Nilipasuliwa nikiwa mdogo na sasa siumwi. Nirudi kwa daktari wa moyo ya nini?

Rudi, dada, na urudi kabla hujashika mimba. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa asilimia 30 hadi 50, na moyo ndio unaoisukuma yote. Tundu linaweza kuwa lilizibwa vizuri, lakini ikabaki valvu, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, inayovuja, au kovu linalovuruga mapigo, na usihisi chochote mpaka mzigo uongezeke. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na cha umeme wa moyo huonyesha hayo mapema. Kwa hapa Dar, wataalamu wapo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Nenda na karatasi zako za upasuaji. Kama ulitibiwa India, kama watoto wengi wa Kitanzania, mwombe mama aitafute ile ripoti ya kuruhusiwa hospitali. Ripoti hiyo humwonyesha daktari ni nini hasa kilirekebishwa.

Dawa niache?

Usiache mwenyewe, nakuomba. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, lakini mwenye valvu ya chuma akiikatisha ghafla, damu inaweza kuganda kwenye valvu na kumuua. Enalaprili na kaptoprili, dawa za presha na moyo, huumiza figo za mtoto. Wengi wetu hugundua tuna mimba wiki ya 6 ikiwa imeshafika, kwa hiyo mpango wa kubadilisha dawa lazima uwepo tayari.

Mtoto atarithi?

Kwa watu wote, karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na tatizo la moyo. Mama akiwa nalo, mara nyingi huwa 3 hadi 5 kati ya 100. Moyo wa mtoto huweza kupimwa akiwa tumboni, wiki ya 18 hadi ya 22.

Kuna wanaokatazwa kabisa?

Wapo, na inauma kusema. Mwenye presha kubwa kwenye mishipa ya mapafu, hasa ambaye tundu halikuzibwa na midomo imekuwa ya bluu, anaweza kufa kwa ujauzito. Mama mkwe akidai mjukuu, nenda na mumeo mkamsikilize daktari pamoja. Usiubebe mzigo huo peke yako. Kuhusu uzazi wa mpango, vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Uliza kuhusu kijiti au kitanzi.

Lazima nizae kwa operesheni?

Wengi hujifungua kawaida, wakipewa dawa ya maumivu, katika hospitali yenye daktari wa moyo na wa usingizi. Hatari haiishi mtoto akitoka: siku chache za mwanzo damu hurudi kwa wingi kwenye moyo. Ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, ukizimia au ukikohoa damu, iwe una mimba au umeshajifungua, nenda hospitali usiku huohuo.